Kwa Nini Hatuliachi Lilivyotoka Japani

Jirani yangu anaendesha Toyota Mark X. Kila akinisikia natoka getini asubuhi hutikisa kichwa, na siku akiwa na nafasi ya kuongea huniuliza swali lile lile: kwa nini nililivuruga gari lililoshuka bandarini likiwa halina hata mkwaruzo? Mimi humjibu kwa kuinama na kuchungulia chini ya gari lake. Mark X yake ina spesa kila kona, kwa sababu ilikuja chini mno na matuta ya mtaani kwetu yalikuwa yanakwangua bampa. Redio aliibadilisha mapema kabisa, maana ile ya Kijapani inaishia kwenye masafa ya chini na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Vioo amevitia giza. Yule dada anayeongea Kijapani ukiwasha gari, akikukumbusha kadi ya barabara za kulipia, alinyamazishwa zamani. Lakini anayebadilisha gari, kwa hesabu za jirani, ni mimi.

Gari langu ni Subaru Legacy B4, 2.0GT, gia za mkono. Milango minne, buti ya kutosha mabegi ya shule na gunia la mkaa, viti vya nyuma vya kukaa mtoto na mama mkwe bila kugombana. Ni gari la nyumbani lenye turbo. Watu wakiona mwanamke mhasibu wa makamo anashuka humo hudhani nimeazima.

Nimekaa na watu wa magari haya kwa muda sasa, Dar na Arusha, na nimeacha kuamini kwamba tunayabadilisha kwa sababu tunataka kasi. Kasi ni jibu la haraka linalotolewa na vijana, nalo huwaridhisha wanaouliza. Ukweli ninaouona ni kwamba kila gari lililotoka kiwandani ni makubaliano ya watu wengi ambao wewe hukuwemo: mhandisi, mhasibu wa kampuni (nawajua hao), sheria ya kelele ya nchi fulani, bei ya petroli ya nchi hiyo, na mnunuzi wa kwanza ambaye huenda alikuwa mzee wa Nagoya anayeendesha Jumapili tu. Mtu anayebadilisha gari anakataa kipengele kimoja cha makubaliano hayo. Angalia alichokibadilisha, utajua alichokikataa.

Kwa nini sedani, basi? Mtu si anunue gari dogo la milango miwili la michezo? Hapa kwetu jibu liko kwenye karatasi za forodha. Ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, na cc 2,000 ni mpaka mmojawapo. Juu yake gari lililovuka miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Injini ya B4 ina cc 1,994. Iko chini ya mstari kwa cc sita, na hiyo si bahati, kwa sababu Japani nako kodi ya gari ya kila mwaka inakwenda kwa ukubwa wa injini, na mstari wa lita mbili uko pale pale. Turbo ndiyo namna ya kupata nguvu za injini kubwa huku makaratasi yakisoma injini ndogo. Na kwa kuwa familia nyingi zenye gari zina gari moja tu, hilo hilo lipeleke watoto shule, liende msibani Moshi, na pia limpe mwenyewe sababu ya kuamka mapema Jumamosi. Magari mawili ni ya wenye nacho.

Halafu kuna jambo la kurithi. Baba alikuwa na Datsun 160J, sedani ya kawaida kabisa. Alikuwa mwalimu, hakuwa mtu wa mashindano, ila chini ya injini alikuwa amefunga sahani ya chuma, na nyuma aliweka springi ngumu. Hakuna aliyemwita mhuni. Magari kama lile lake ndiyo yaliyokuwa yakishinda Safari Rally: Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun za ukoo huo. Kabla yake Joginder Singh alikuwa amechukua mbio za 1974 na za 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo ambalo ndugu yake wa kawaida ungeweza kulikuta limeegeshwa nje ya ofisi. Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na zilitufundisha kuliangalia gari la kawaida na kujiuliza: lingefungwa nini ili lifike? Ulaya walibadilisha gari ili liwe mbele. Baba yangu alibadilisha lake lisivunjike chombo cha oili njia ya Rombo.

Hoja ninayoisikia sana ni hii: waliolitengeneza wana digrii, wewe na fundi wako mnajua nini kuwazidi? Ni hoja nzuri, na inamshinda kila anayekata springi kwa grinda. Lakini haimalizi mazungumzo. Mwaka 1967 Wajerumani wawili waliotoka Daimler-Benz, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, walianzisha karakana yao, AMG. Walichukua Mercedes 300 SEL, sedani nzito ya wakubwa, wakaipanua injini yake ya lita 6.3 ikawa 6.8, na mwaka 1971 wakaipeleka kwenye mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji. Ilimaliza ya pili kwa jumla na ya kwanza katika daraja lake. Leo AMG ni mali ya kampuni ile ile waliyoiacha, na ukaidi wao unauzwa dukani kwa bei ya kutisha. Wahandisi wa kiwandani hawakuwa wajinga. Walikuwa wametumwa kazi nyingine.

Kwa Wajapani kulikuwa na kitu cha ziada. Watengenezaji wao walikubaliana kimya kimya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2004, kwamba gari la kuuzwa ndani ya nchi lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Ndiyo maana ukisoma karatasi za Subaru Impreza STI, za Mitsubishi Lancer Evolution na hata za B4 ya gia za mkono, unakuta namba ile ile 280, utadhani wote walikopiana daftari. Mwenye gari anajua kwamba dari ile iliwekwa mezani, na kwamba chuma chenyewe hakikuulizwa. Ukimwambia mtu hivyo, kisha ukampa gari na nafasi ya kuegesha, unategemea akae nalo vivyo hivyo?

Mimi nilianza na joto. Wanaoishi Dar hawahitaji maelezo. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa ndani kwa presha. Hewa iliyoshindiliwa hupata moto, kwa hiyo hupitishwa kwenye intakula ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Kwenye Legacy na Impreza za turbo intakula hiyo imelazwa juu ya injini, na lile tundu kwenye boneti ndilo pua yake. Ukiwa mwendoni inafanya kazi vizuri mno: njia ya hewa ni fupi na turbo inaitika upesi. Ukiwa Ubungo saa kumi na moja jioni, gari limesimama, joto la injini linapanda na kuivaa ile intakula kutoka chini, mpaka ikawa inachemsha kile inachotakiwa kupoza. Foleni ikifunguka unakanyaga mafuta, na gari linajivuta limechoka. Kompyuta imehisi hewa ya moto ikachelewesha muda wa kuchoma mafuta ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake. Hakuna kilichoharibika. Gari limejilinda tu, kwa mujibu wa jiji ambalo mbunifu wake hakulifikiria.

Hapo watu wanagawanyika. Wapo wanaohamishia intakula mbele ya rejeta, ipate upepo wake, wakubali mabomba marefu na turbo inayochelewa kidogo kuitika. Wapo wanaobaki na ya juu lakini kubwa zaidi, na kuizungushia kinga ya joto. Mimi ni wa kundi la pili, na nimebishana jambo hili kwenye harusi, meza ya jikoni na mara moja kwenye foleni ya benki. Mtu wa nje anaona wendawazimu. Mimi naona mjadala kuhusu hali ya hewa.

Petroli ni sehemu ya mjadala huo huo. Japani wanauza petroli ya kawaida na ile ya daraja la juu, na B4 ya turbo iliandikiwa ile ya juu, ambayo kwa viwango vyao haishuki chini ya oktani 96 (kipimo cha petroli kuvumilia presha bila kulipuka mapema) na pampuni mara nyingi hufika 98 au zaidi. Ya pampu zetu si hiyo. Kwa hiyo kubadilisha programu ya kontrolo boksi, ile kompyuta ya injini, kwetu sisi, kukifanywa na mtu anayejua, mara nyingine si kuongeza nguvu hata kidogo. Ni kulieleza gari kwamba limehama.

Breki zilifuata, na hizo zilinunuliwa na mlima Kitonga. Anayetoka Iringa kuja Dar anaijua ile teremko: kona juu ya kona, malori yananguruma kwa gia nzito mbele yako, korongo upande mmoja. Tulikuwa tumejaa ndani, na buti ina viazi. Katikati ya mlima kanyagio likaanza kuwa laini, likishuka zaidi ya ilivyo kawaida yake. Nikarudisha gia, injini ikatushikilia, tukafika chini salama na mume wangu hakujua kitu mpaka nilipomsimulia Ruaha Mbuyuni. Gari halikuwa na kosa. Lilikuwa limebeba familia na gunia kwenye mteremko mrefu, na joto la diski lilikuwa limefika kwenye mafuta ya breki.

Nilipata Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, kalipa (vibanio vya breki) za Brembo za pistoni nne, zilizotoka kwenye Impreza STI. Bidhaa za namna hiyo huja kutoka Japani, nyingine zikipitia Sharjah, na muuzaji anakuapia zote zimetoka gari moja. Hapa ndipo elimu inalipa. STI za hadi 2004 zina nati tano kwenye mduara wa milimita 100, sawa na Legacy. Kuanzia 2005 STI zilihamia 114.3, kwa hiyo diski zake hazikai kwenye habu yako hata ukiomba dua. Na rimu lazima iwe na nafasi ya ndani ya kumeza ile kalipa. Inchi 17 ndiyo pa kuanzia, na si kila 17 inakubali. Muuzaji alipoona napima diski kwa rula aliacha kuniita mama akaanza kuniita bosi.

Nitaje hilo la wanawake kwa kifupi. Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu presha ya turbo, kisha akasema kwa heshima kabisa, "Sawa mama, mwambie mzee apite mwenyewe tuongee." Mzee mwenyewe hajui dipstiki iko wapi, Mungu amweke. Nilihama gereji. Fundi niliyenaye sasa ananiita dada, ananionyesha plagi zilizotolewa kabla ya kuzitupa, na tukitofautiana ananiambia, "Dada, hapo unanidanganya." Kwangu hiyo ni sababu mojawapo ya kubadilisha gari ambayo sijaisikia ikitajwa: kuna maarifa ambayo hupewi mpaka mkono wako uwe na sababu ya kuingia humo. Nilikuwa na gari lingine kabla ya hili, halikuniudhi siku hata moja, na sikujua lolote juu yake.

Sasa sauti, maana huko ndiko akili hukaa pembeni. Injini ya Subaru imelala, pistoni mbili kulia na mbili kushoto. Kwenye Impreza za turbo za zamani mabomba ya moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa, kwa hiyo mapigo ya moshi yalifika kwenye turbo bila mpangilio, na huo ndio ule mngurumo wa kukatakata ambao watoto wanautambua wakiwa ndani ya nyumba. Kwenye B4 ya kizazi changu wahandisi walisawazisha mabomba na kuweka turbo yenye njia mbili za kuingilia. Turbo inaamka mapema zaidi, gari linavuta kuanzia chini, moshi unapita kwa utaratibu. Na mngurumo umekwisha.

Rafiki yangu mmoja wa Arusha akalipa pesa nzuri kurudisha mabomba yasiyo sawa, na kwa kuwa turbo ya njia mbili haikubaliani nayo, akabadilisha na turbo pia. Yaani alilipia gari lake lichelewe kuitika. Nilimfanyia hesabu kwenye kitambaa cha karatasi pale mgahawani. Akanisikiliza, akaniuliza, "Sasa dada, kwani nani ananipima?" Alikuwa mtoto wa shule Colin McRae aliposhinda Safari ya 1997 na Impreza ya buluu, na Richard Burns alipoichukua tena kwa Subaru mwaka 2000. Amekaa miaka yote anaisubiri sauti ile, kisha akanunua gari la chapa ile ile likaja kimya. Jioni ile akatangulia kuondoka, nikamsikia akipanda gia kuelekea Njiro, na nikakunja ile hesabu yangu nikaitia mfukoni.

Kuhusu nguvu zenyewe nitasema machache. Zipo njia za bei rahisi za kupandisha presha ya turbo: vali ndogo, dakika chache, gari linaruka. Nilishuhudia injini ya kijana mmoja ikifunguliwa baada ya mruko huo. Presha ilipanda, mafuta na muda wa kuchoma vikabaki vile vile, mchanganyiko wa mafuta na hewa ya moto ukalipuka kabla ya wakati wake mara nyingi kuliko chuma kinavyovumilia, na ukuta mwembamba unaotenganisha ringi kwenye pistoni ya nne ukapasuka. Fundi aliishika ile pistoni kimya akampa mwenyewe. Kwa bei ya injini nyingine angepata intakula, pampu ya mafuta, programu iliyoandikwa kwa gari lake, na chenji.

Na kasi? Tanzania ya vibao vya 50 na askari mwenye tochi nyuma ya mwembe, faini elfu thelathini? Gari langu lilikuja na kufuli ya kilomita 180 kwa saa kama yalivyo magari mengi ya Japani, na kufuli hiyo sijaigusa. Sina safari nayo. Ninachokitumia ni kile kinachotokea kati ya 50 na 90, gia ya tatu, unapolipita lori la Zambia kabla ya Mikumi na unataka kuwa upande wako wa barabara mapema. Wanaofukuzana usiku kwenye barabara za watu, na ambao ndio jirani anawaona akilini anaponiuliza swali lake, sina la kuwatetea. Mbio zina mahali pake. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, watu walijaa Naivasha, na wenzetu wa Kenya wanajua kuipenda Subaru hadharani kuliko sisi. Katika maegesho ya namna hiyo huoni gari mbili zinazofanana, ingawa zote zilitoka kwenye viwanda vile vile: moja imenyanyuliwa ipite mashimo, nyingine imeshushwa mpaka mwenyewe anapita tuta kwa mshazari, ya tatu haina kilichoguswa isipokuwa matairi mazuri kuliko gari. Hiyo ya tatu ndiyo niliyotaka kumjua mwenyewe.

Kazini kwetu yupo dogo amenunua Mark X, lita 2.5, bado ina harufu ya meli. Alinijia mezani na simu yake, picha tele, akitaka nimwambie aanze na nini. Nikamwambia matairi, kisha mafuta ya breki, kisha bushi za mbele, halafu tuongee tena. Aliandika yote. Jumatatu alikuja na spoila, nyeusi, pana, imepakwa rangi kwa ustadi na kufungwa sawasawa na mstari wa buti. Nilitoka nje nikaizunguka mara mbili nikitafuta cha kumsuta. Matairi bado ni yale yale ya Japani, nimesoma tarehe ubavuni, yana umri wa mtoto wa darasa la tatu. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi.